Moto ghorofani: Nani atamshusha asiyeweza kushuka ngazi?

Na Mwandishi Wetu

ILIKUWA dakika sita kabla ya saa saba usiku, Juni 14, 2017, simu ya kwanza ilipofika Zimamoto ya London kuarifu kwamba jokofu linawaka moto katika jiko la nyumba moja, ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell, magharibi mwa jiji hilo. Kwa kawaida moto wa aina hiyo huzimwa jikoni humo humo, na majirani wa ghorofa za juu huamka asubuhi wakiwa hawana habari. Safari hii haikuwa hivyo. Katika muda usiofika dakika 40 moto ulitoka dirishani, ukashika mabamba yaliyopambia ukuta wa nje, ukapanda hadi kwenye paa la jengo hilo la ghorofa 24.

Watu 72 walipoteza maisha, akiwamo mmoja aliyefariki dunia miezi kadhaa baadaye. Mengi yameandikwa kuhusu mabamba yale ya aluminiamu yenye plastiki ndani yake, ambayo yalibandikwa wakati wa ukarabati uliokamilika mwaka 2016. Lakini ipo hesabu nyingine ambayo haikupewa uzito uleule katika vichwa vya habari. Wakazi wenye ulemavu katika jengo lile walikuwa 37. Kati yao, 15 walikufa. Hiyo ni asilimia 41, yaani wawili katika kila watano.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozua mjadala uliochukua miaka mingi nchini Uingereza: mtu anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona, asiyesikia, au mzee ambaye magoti yake hayamruhusu kushuka ngazi, anapopangishwa au kununua nyumba ghorofa ya 10, ni nani mwenye wajibu wa kupanga jinsi atakavyotoka siku ya moto? Ni yeye mwenyewe? Jirani? Mwenye jengo? Au ni Zimamoto, watakapofika?

Swali hilo si la London pekee. Dar es Salaam inakua kwenda juu. Kariakoo, Upanga na Kisutu nyumba za chini zimekuwa zikibomolewa na ghorofa kuchukua nafasi zake, na Serikali yenyewe imejenga maghorofa ya makazi, kama yale ya Magomeni Kota yaliyozinduliwa Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644. Katika majengo hayo wamo wazee, wagonjwa wa kiharusi, wajawazito, watoto wenye usonji na watu wazima wenye ulemavu wa viungo. Wengi wao, wakiulizwa watafanya nini moto ukizuka usiku, hujibu kwamba majirani watawabeba.

Jibu hilo lina utu ndani yake, na hakuna sababu ya kulidharau. Tatizo lake ni kwamba si mpango. Jirani gani? Anajua mlango ni upi? Ana ufunguo? Amewahi hata mara moja kumwinua mtu huyo kutoka kitandani? Yupo nyumbani saa nane mchana, au yuko kazini mjini na aliyebaki jengoni ni msaidizi wa nyumbani na watoto?

Ili kuelewa kwa nini maswali hayo ni ya kufa na kupona, ni vyema kueleza kwanza jinsi moto unavyoua ndani ya ghorofa. Mara nyingi kinachotangulia kuua ni moshi, kabla miali ya moto haijafika. Moshi wa magodoro, makochi na plastiki hubeba hewa ya kaboni monoksaidi pamoja na sumu nyingine ambazo humlevya mtu, akapoteza nguvu na fahamu kabla hajajua kwamba yuko hatarini. Mtu mwenye miguu mizima anayeamka kwa kelele na kutoka mara moja huweza kuutangulia moshi huo. Anayehitaji kwanza kuvalishwa, kuhamishwa kutoka kitandani na kuwekwa kwenye kiti, hawezi kuutangulia kama maandalizi hayakufanywa kabla.

Kisha ipo lifti. Kila mkazi wa ghorofa amewahi kuona tangazo linalokataza kuitumia wakati wa moto, lakini sababu zake hazielezwi mara nyingi. Umeme unaweza kukatika na kuwaacha watu wamenaswa katikati ya ghorofa mbili. Shimo la lifti huvuta moshi kama bomba la jiko. Tena lifti ya kawaida haina akili ya kukwepa ghorofa inayoungua: inaweza kusimama hapo hapo na kufungua milango. Hilo lilitokea Grenfell. Lifti iliyokuwa ikishuka na wakazi ilifunguka ghorofa ya 10, moshi mzito ukaingia, na mmoja wa waliokuwamo hakunusurika. Hata askari wa Zimamoto walioshika swichi maalumu inayowapa mamlaka juu ya lifti za jengo hawakufanikiwa kuziendesha, kwa kuwa swichi hiyo haikufanya kazi.

Zipo lifti zilizojengwa kwa ajili ya dharura, zenye umeme wake wa akiba, kuta zinazostahimili moto na ukumbi uliokingwa dhidi ya moshi katika kila ghorofa. Jengo lenye lifti ya namna hiyo limekwisha kujibu sehemu kubwa ya swali letu. Majengo mengi, ya huko na ya hapa, hayana.

Zinabaki ngazi. Grenfell ilikuwa na ngazi moja tu, yenye upana wa mita moja na ushee, ambayo wakazi walishukia huku askari wenye mipira ya maji na mitungi ya hewa wakiipandia. Mtu mmoja akibebwa na wanne katika ngazi kama hiyo, njia imeziba.

Na wale wanaotumaini gari lenye ngazi ndefu wazingatie tarakimu hizi. Usiku ule gari la ngazi ndefu kuliko yote la Zimamoto ya London lilikuwa na uwezo wa kufika mita 32. Lenye mita 42 liliazimwa kutoka kaunti jirani ya Surrey. Jengo lenyewe lilikuwa na mita 67.

Kwa miaka mingi, jibu la Waingereza kwa hatari hizo lilikuwa kanuni waliyoiamini sana: baki ndani. Mantiki yake ni nzuri. Kila nyumba ndani ya jengo hujengwa kama sanduku lililofungwa, likiwa na kuta za zege na mlango unaoweza kuzuia moto kwa nusu saa au zaidi. Moto ukizuka kwa jirani, wewe funga mlango na usubiri, kwa sababu moto utazimwa pale ulipoanzia. Kwa mtu mwenye ulemavu kanuni hii ilikuwa na faraja ya pekee, maana ilimweka sawa na wengine wote. Hakuna aliyetakiwa kushuka.

Lakini kanuni hiyo inategemea sanduku lisilotoboka. Julai 2009 jengo la Lakanal House, kusini mwa London, liliungua na kuua watu sita, baadhi yao wakiwa wameambiwa wabaki ndani. Miaka minane baadaye huko Grenfell moto ulipita nje ya ukuta na kuingia madirishani, sanduku moja baada ya jingine. Agizo la kubaki ndani lilifutwa karibu saa mbili baada ya simu ya kwanza. Kwa wenye miguu mizima, muda huo ulikuwa umepotea. Kwa wasioweza kushuka, kufutwa kwa agizo hakukubadili chochote, kwa kuwa hapakuwa na mpango wa pili. Hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la kuwafuata, na askari waliopanda ngazi hawakuwa na orodha ya kuwaonyesha ni mlango gani una mtu asiyeweza kutoka mwenyewe.

Inashangaza kidogo kwamba hali hiyo haikutokana na kusahau. Mwaka 2011, miaka sita kabla ya moto ule, chama cha serikali za mitaa cha nchi hiyo kilitoa mwongozo wa usalama wa moto katika majengo ya makazi, uliosema kwamba kwa kawaida si jambo la uhalisia kumtarajia mwenye jengo awe na mpango maalumu kwa kila mkazi mwenye ulemavu. Wakati huohuo, maofisini mambo yalikuwa kinyume. Mfanyakazi anayetumia kiti cha magurudumu katika ofisi ya London alitarajiwa kuwa na mpango wake ulioandikwa, wenye majina ya wenzake watakaomsaidia. Jioni akirudi nyumbani kwake ghorofa ya 15, anapolala usingizi bila mtu wa kumwamsha, hakuwa na lolote.

Mpango wa namna hiyo unaweza kuleta tofauti gani? Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa New York. Baada ya bomu la mwaka 1993 katika majengo ya World Trade Center, Mamlaka ya Bandari iliyomiliki majengo hayo ilinunua viti maalumu vya kushushia watu ngazini. Septemba 11, 2001, mfanyakazi wake mmoja aliyepooza, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya 69, alikalishwa kwenye kiti hicho na kushushwa na wenzake kwa kupokezana hadi chini. Safari ilichukua kama saa moja na nusu. Walitoka dakika chache kabla jengo halijaanguka. Miaka minane kabla, siku ya bomu, mtu huyohuyo alishushwa na wenzake bila kifaa hicho, na ilichukua saa sita.

Kiti chenyewe hakina maajabu. Ni kiti chepesi kinachokunjwa na kutundikwa ukutani, chenye mikanda ya kumfunga mtu na reli za mpira nyuma yake ambazo huteleza taratibu kwenye kingo za ngazi. Mtu mmoja aliyefundishwa anaweza kumshusha mtu mzito kuliko yeye, kwa kuwa uzito hubebwa na ngazi. Neno la kuzingatia hapo ni "aliyefundishwa". Kiti kilichonunuliwa, kikafungiwa stoo na ufunguo ukakaa kwa meneja anayeondoka saa kumi jioni, ni pambo.

Tume ya uchunguzi wa Grenfell, chini ya jaji mstaafu Sir Martin Moore-Bick, ilitoa ripoti yake ya kwanza Oktoba 2019. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo hili: wamiliki na wasimamizi wa majengo marefu ya makazi walazimishwe kisheria kuandaa mpango binafsi wa kuondoka wakati wa dharura kwa kila mkazi ambaye uwezo wake wa kujiokoa ni mdogo, na taarifa za watu hao zihifadhiwe kwenye kisanduku jengoni ambacho Zimamoto watakifungua mara wafikapo.

Serikali ya Uingereza ilikuwa imeahidi kutekeleza mapendekezo ya tume. Mei 2022 ilikataa pendekezo hilo. Hoja zake zilikuwa tatu, na yafaa zitajwe kwa haki kwa sababu hata hapa kwetu ndizo zitakazotolewa. Kwanza gharama: majengo mengi ya makazi hayana mlinzi wala meneja usiku, na kumwajiri mtu wa kukaa macho kwa ajili ya kuwashusha wachache kungeongeza ada za wakazi wote. Pili utekelezaji: nani hasa atafanya kazi ya kumshusha mtu kabla Zimamoto hawajafika? Tatu usalama: mtu anayeshushwa polepole anaweza kuwazuia wengine ngazini.

Wenye ulemavu hawakuzipokea hoja hizo kimya. Kikundi chao kiitwacho Claddag, kilichoundwa na wakazi wa majengo yenye mabamba hatarishi, kiliipeleka Serikali mahakamani pamoja na baadhi ya familia za Grenfell. Msimamo wao ulikuwa mwepesi kueleweka. Wao hawakudai mlinzi kwa kila mtu. Walidai mazungumzo. Walisema wengi wanaohitaji mpango hawahitaji kubebwa kabisa: kiziwi anahitaji kengele inayotikisa mto na taa inayomulika, asiyeona anahitaji kuzoeshwa njia na kushika reli ya ngazi iliyonyooka hadi mwisho, mwenye pumu au moyo dhaifu anahitaji kuondoka mapema kabla ya wengine, mwingine anahitaji tu mlango mzito wa ngazi urekebishwe ili aweze kuufungua. Kumkusanya kila mwenye ulemavu katika picha moja ya mtu anayebebwa, kisha kusema kubeba haiwezekani, ni kukwepa swali.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hoja hiyo ndiyo iliyoshinda, ingawa ilichelewa. Ripoti ya pili ya tume ilitoka Septemba 4, 2024, na Desemba mwaka huo serikali mpya ikatangaza kubadili msimamo. Kanuni zake ziliwasilishwa bungeni Julai 2025, zikiwekewa Aprili 6, 2026 kuwa tarehe ya kuanza kutumika. Zinahusu England pekee, katika majengo ya makazi yenye urefu wa mita 18 na kuendelea au ghorofa saba na kuendelea, pamoja na yale yanayozidi mita 11 ambayo utaratibu wake ni wakazi wote kutoka kwa pamoja.

Kiini cha kanuni hizo si kigumu. Msimamizi wa jengo hutakiwa kufanya kila juhudi ya kuridhisha kuwatambua wakazi ambao hawawezi kutoka wenyewe kwa sababu ya ulemavu au hali ya afya. Akishawatambua, huwapa nafasi ya kukaa naye na kutathmini hatari inayomhusu kila mmoja: analala chumba gani, anatumia nini kutembea, anasikia kengele, anavuta sigara kitandani, ana mtungi wa oksijeni nyumbani. Huyo wa oksijeni ni muhimu, kwa sababu hewa hiyo ikijaa kwenye nguo na shuka, cheche ndogo huwa moto mkubwa. Baada ya tathmini, pande mbili hukubaliana na kuandika maelezo mafupi ya kile mkazi atakachofanya jengo likiungua. Mkazi akiridhia, taarifa zake hupelekwa Zimamoto na nakala kuwekwa kwenye kisanduku cha jengo. Kila baada ya miezi 12, au hali ikibadilika, maelezo hayo hupitiwa upya.

Ridhaa hiyo ya mkazi haikuwekwa kwa bahati. Orodha ya watu dhaifu na namba za milango yao ni hati nyeti. Ikianguka mikononi mwa mwizi ni ramani. Hapa kwetu ipo hofu nyingine pia, ya mpangaji kuficha maradhi au ulemavu wa mwanawe asije akanyimwa nyumba. Msimamizi anayetaka ukweli kwa wapangaji wake hana budi kwanza kuwahakikishia kwamba ukweli huo hautawageukia.

Watu wa Claddag na familia za Grenfell wameeleza kwamba kanuni hizi bado hazifiki mbali. Hazimlazimishi mwenye jengo kununua kifaa ambacho mkazi anakihitaji, na majengo mafupi yameachwa nje, ilhali kwa mtu wa kiti cha magurudumu ghorofa ya tatu iko mbali sawasawa na ya 13. Ni vigumu kuwapinga katika hilo la pili.

Wakati Waingereza wakibishana, mioto mingine iliendelea kutoa ushahidi. Agosti 31, 2023 jengo la Usindiso katikati ya Johannesburg, lenye ghorofa tano tu, liliungua na kuua watu zaidi ya 70, wakiwamo Watanzania waliokwenda huko kutafuta maisha. Iliripotiwa kwamba baadhi yao walinaswa nyuma ya geti lililofungwa. Novemba 26, 2025 majengo saba kati ya manane ya Wang Fuk Court mjini Hong Kong yalishika moto wakati wa ukarabati, na watu zaidi ya 150 wakafa. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa mtaa ule walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi, na ving'ora vya majengo havikufanya kazi ipasavyo. Mzee asiyesikia kengele na kengele isiyolia huishia mahali pamoja.

Geti la Johannesburg linatuhusu zaidi kuliko mabamba ya London. Katika miji yetu adui anayeogopwa kila usiku ni mwizi. Madirisha ya nyumba nyingi yana nondo zisizofunguka, mlango wa mbao una mlango wa chuma mbele yake, na chini ya ngazi lipo geti lenye kufuli ambalo ufunguo wake unao mtu mmoja. Kabla ya kuzungumzia kiti cha kushushia, jengo la namna hiyo linapaswa kujibu swali dogo zaidi: usiku ufunguo uko wapi, na nani mwingine anao? Korido nazo zimegeuzwa stoo. Majiko ya mkaa, ndoo, baiskeli na makochi mabovu yanayokaa ngazini humkwaza mtu mzima anayekimbia. Kwa asiyeona ni ukuta, na kiti cha magurudumu hakipiti kabisa.

Sheria za kuanzia tunazo. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 11 inazitaka nchi kuwalinda watu hao katika mazingira ya hatari na majanga. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo. Na ile ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo inataka wamiliki wa nyumba katika jengo moja wawe na chama chao. Chama hicho ndicho ambacho, mara nyingi, hukutana kujadili maji, taka na ulinzi. Kikao kimoja kwa mwaka kuhusu moto hakingekivunja.

Mkazi na jengo lake wanaweza kufanya mengi bila kusubiri kanuni mpya. La kwanza ni kumuuliza mhusika mwenyewe. Watu wenye ulemavu wamezoea kupangiwa mambo na ndugu, madaktari na wafadhili, hali wao ndio wanaojua mwili wao unavyoinuliwa bila kuumizwa. Aliyepooza anaweza kuwa na mgongo usiostahimili kubebwa begani. Mwingine huweza kujishusha ngazi moja moja akiwa amekaa, polepole lakini bila msaada, na yeye huyo akibebwa kwa papara ndipo atakapovunjika mfupa. Asiyeona havutwi mkono. Hupewa kiwiko akakishika, kisha huambiwa ngazi zinaanza na zinaishia wapi. Mtoto mwenye usonji akisikia king'ora anaweza kujificha chini ya kitanda badala ya kukimbia, na anayeweza kumtoa ni mtu anayemfahamu, siyo mgeni mwenye sauti kubwa.

Wasaidizi wanapoteuliwa, mmoja hatoshi. Yafaa wawepo wa mchana na wa usiku, kutoka milango ya karibu, na kila mmoja ajue ufunguo wa akiba unakaa wapi. Mlinzi wa getini asisahauliwe, kwa kuwa mara nyingi ndiye mtu pekee aliye macho jengo zima. Kisha zoezi lifanyike kweli, na saa ipimwe. Majirani waliozoea kusema "tutambeba" hushangaa wanapogundua kwamba kumshusha mtu mzima ghorofa nne kwa shuka au kwa kiti cha plastiki kunahitaji watu wanne wenye nguvu na mapumziko njiani. Afadhali wagundue siku ya Jumamosi asubuhi. Kiti cha magurudumu cha umeme, ambacho peke yake kinaweza kuzidi kilo 100, huachwa ghorofani. Kwa hiyo lazima ijulikane mapema mtu atakalishwa juu ya nini akifika chini.

Pale ambapo kushuka hakuwezekani haraka, lipo kimbilio. Katika jengo lililojengwa vizuri, kibaraza cha ngazi chenye mlango unaozuia moto na nafasi ya kiti kimoja bila kuziba njia hufaa kwa kusubiria waokoaji. Pasipo na kibaraza hicho, chumba chenye dirisha la kutazama barabarani, kilicho mbali na jiko, huwa bora kuliko korido yenye moshi: mlango hufungwa, nguo zilizoloweshwa huzibwa chini yake, na kitambaa cheupe hutolewa dirishani. Hii ni akiba ya dharura, na mtu aliyewekwa kwenye kimbilio bila mtu mwingine kupewa kazi ya kwenda kuwaarifu Zimamoto kwamba yuko pale, ameachwa.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini ni 114. Anayepiga aeleze mtaa na jina la jengo, alama inayofahamika iliyo karibu, ghorofa inayoungua, na papo hapo, kabla hajaulizwa, aseme ni ghorofa na mlango upi wenye mtu asiyeweza kushuka ngazi mwenyewe.